Mashine Isiyo na Mtu wa Chini

Baba yangu, Pazi Alawi, alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kumaliza sentensi. Nasema hivyo mimi binti yake niliyempenda, na nasema kwa hasira, maana hasira yenyewe haijaisha. Bunda walimjua kama mpasua mbao, kisha wakamjua kwa ule msumeno wa moto alioutengeneza kwa injini ya pikipiki. Mimi namkumbuka kwa maneno sita. Aliyasema mbele yangu, na mimi nikacheka.

Miaka kumi na minane alipasua mbao na Matiko. Kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Gogo hulazwa juu ya shimo, mmoja husimama juu yake, mwingine huingia shimoni, na msumeno mrefu hupanda na kushuka kati yao. Wa juu ndiye anayeuona mstari. Wa chini huvuta tu, macho kayafumba nusu, unga wa mbao ukimwagikia usoni. Baba alikuwa wa juu. Matiko alikuwa wa chini, kwa sababu siku walipoanza yeye ndiye aliyekuwa na mabega mapana, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kubadilishana. Idi alikula kwetu, Krismasi tulikula kwake. Nilimwita baba mdogo.

Kufika mwaka themanini na tano Matiko alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta wa shimo. Ilikuwa miaka ile ambayo madukani mlibaki rafu tupu, na hata tupa ya kunolea msumeno ilitafutwa kama dawa. Baba alikisikiliza kikohozi kile kutoka juu ya gogo, kutwa nzima. Alimwambia mama peke yake kwamba lazima Matiko atoke shimoni kabla shimo halijamla. Mama alikuja kuniambia haya baadaye sana, wakati hayasaidii tena.

Injini aliileta Matiko mwenyewe. Huko kwao Butiama bwana mifugo mmoja alikuwa ameitupa pikipiki yake bandani kwa kukosa vipuri, kuku wakataga juu ya tangi. Ilikuwa ya zamani, zile za kuchanganya petroli na oili, zinazolia kama zinagombana na mtu. Matiko aliifungua injini, akaifunga kwenye baiskeli, akaisukuma siku mbili mpaka Bunda. Alifika anakohoa na kucheka kwa pamoja.

Baba akajifungia nayo bandani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alisema, na kila kilichokosekana alikitafutia mbadala. Mnyororo wa meno aliutoa kwenye msumeno uliokufa. Bapa la kuuzungusha, ambalo wapasuaji huliita ulimi, alilikata kwenye fremu ya lori. Bomba la moshi alilikunja kwa bati, nene katikati kama chatu aliyemeza mbuzi, na alilivunja na kulikunja upya mara tano mpaka injini ikapata mbio alizozitaka. Oili haikuwepo, akachanganya petroli na mafuta ya nyonyo ya mama. Mashine ikanguruma, na banda zima likanukia nywele za mama.

Mwaka themanini na saba bidhaa zilianza kurudi. Florian, mfanyabiashara wa mbao, akaleta msumeno mpya kutoka ng'ambo, na kwa majigambo yake akatangaza mashindano siku ya mnada. Atakayekata gogo la mninga kabla yake angepewa kazi ya mbao za shule mpya, miaka miwili mizima. Baba akaongeza mbio za injini na kuufunga mlango wa banda kwa komeo. Hakutaka mtu aone mpaka siku ile, hata Matiko. Hasa Matiko.

Wiki tatu kabla ya mnada nilimpelekea baba uji. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na Matiko alikuwa amesimama pale nje, kofia mkononi. Aliuliza kwa sauti ya utani ambayo haikuwa ya utani.

"Mwenzangu, na mimi nitakaa wapi kwenye hiyo mashine?"

Baba alikuwa ameinamia ulimi, tupa mkononi. Hakuinua kichwa. Alikuwa anacheka, nadhani kwa furaha ya siri yake.

"Mashine hii haina mtu wa chini."

Nikacheka. Mtu wa chini ni yule wa shimoni, lakini pia ni mtu asiye na kitu, asiyehesabiwa, na mimi niliuona utani ule mtamu. Matiko naye akacheka kidogo.

"Sawa. Nilikuwaga nafikiri tunaitengeneza wote."

Tupa ilikwishaanza kulia na baba hakumsikia. Mimi nilimsikia. Husemwa ulimi hauna mfupa. Ule wa baba ulikuwa wa chuma, na siku ile ulimkata mtu kabla haujafungwa mnyororo.

Siku ya mnada ilifika. Baba aliufunua msumeno mbele za watu, na ndipo nilipouona mpini wa pili, kule kwenye ncha ya ulimi. Vijana walijitolea kuushika. Baba aliwakatalia, akasema mwenye mpini huo anakuja. Alisubiri mpaka Florian akaanza kunung'unika na watu wakapiga miluzi. Mwisho akavuta kamba ya kuwashia, injini ikanguruma. Ng'ombe wawili walikata kamba zao wakakimbia. Mikono ya baba ilitetemeka mpaka mabegani, lakini kipande cha mninga kilianguka wakati Florian bado yuko katikati ya gogo. Walimbeba juu juu. Yeye alikuwa anatafuta mtu juu ya vichwa vyao.

Alishinda akiwa peke yake, na hilo ndilo lililoniuma. Matiko aliogopa jambo la kweli, kwamba mashine ingeweza kukata bila yeye, na baba ndiye aliyelithibitisha mbele ya mnada mzima.

Jioni ile ile tulikwenda kwa Matiko. Mkewe, Justina, alisema ameondoka wiki iliyopita kupitia Kisorya, kutafuta kazi, na hakututazama machoni. Baba alikwenda Kisorya, akaambiwa amevuka. Akapanda kivuko mpaka Ukerewe, akaambiwa alikuwepo, amehama. Akarudi, akaifanya kazi ya shule peke yake, na kila aliyenyoosha mkono kwenye mpini wa pili alifukuzwa.

Mwaka uliofuata, masika yakiisha, Justina alikuja kwetu amejifunga kitambaa cheusi. Matiko alikuwa amepata wapasua mbao wengine huko ng'ambo ya maji. Walimwingiza shimoni, maana ndiyo kazi aliyowaambia anaijua. Kifua kilimwishia humo.

"Shemeji," Justina akasema, "aliniambiaga ulisema mashine haina mtu wa chini. Akasema, mtu wa chini si ndiyo mimi? Basi sina sehemu tena."

Ndipo baba akaimalizia ile sentensi, karibu mwaka mzima baada ya kuianza.

"Haina mtu wa chini, shemeji. Tungekuwa wote juu."

Nilitaka kusema kwamba siku ile nilikuwepo, nikacheka, nikasikia jibu la Matiko na sikumwambia baba. Sikusema. Tabia hurithiwa.

Baba alimpeleka Justina bandani. Mpini wa pili ulikuwa umepindishwa upande wa kushoto, kwa sababu Matiko alikuwa wa mashoto, na ulifungwa ngozi ya mbuzi ili usimchubue. Mpini wa baba ulikuwa chuma kitupu. Justina aliushika kwa mkono wa kulia, haukukaa. Akaushika kwa wa kushoto. Ngozi ilikuwa bado nyeupe.