Toto la Mashine

Ofisini walimwita Dada Maelezo, kwa kuwa hakuweza kukutajia saa bila kwanza kukueleza saa yenyewe inavyofanya kazi. Alikuwa mtunzi wa mfumo endeshi, ile programu mama inayozisimamia programu nyingine zote ndani ya kompyuta. Kampuni yao ilitengeneza kompyuta ndogo za madukani, na ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro.

Kazi aliyopewa ilikuwa na kero yake. Kila programu ilitaka kujua hali ya mashine: betri imebaki kiasi gani, nafasi ipo, joto limepanda? Na kila moja ilijipekulia yenyewe ndani ya matumbo ya mfumo, kama mgeni anayefunua masufuria jikoni. Ikigusa pasipogusika, mashine nzima inazimika.

"Tuweke dirisha," Dada Maelezo aliwaambia wenzake. "Mfumo wenyewe uandike habari zake kwenye faili moja, kila habari mstari wake: jina, halafu namba. Anayetaka kujua asome. Jikoni haingii mtu."

"Na majina atachagua nani?" aliuliza Bonge, jamaa wa meza ya pili, mwandishi wa programu ya kuendesha feni za kupozea mashine.

"Mimi. Umesahau mimi ni binti wa mwalimu wa Kiswahili?"

Akaketi kuandika, simu kaibana begani, dada yake akimsimulia habari za kichanga chake. "Hilo toto lilivyonona!" dada mtu alikuwa akisema. "Toto lina mashavu!" Vidole vikafuata sikio. Palipotakiwa kuwa *Joto la mashine*, akaandika *Toto la mashine*. Hakuna aliyeona. Bonge alilinakili jina kama alivyolikuta, na waandishi wengine wa programu wakafanya vivyo hivyo, dirisha likaenea madukani kote.

Siku moja baba yake akaja kuona binti anafanya kazi wapi. Alikuwa amestaafu, lakini kalamu nyekundu haikuwahi kutoka mfukoni mwa shati lake. Akaisogelea skrini, akasoma kwa sauti ya darasani.

"Betri, themanini. Nafasi, mia mbili. Toto la mashine, arobaini na saba." Akavua miwani. "Mwanangu, mashine hii imezaa?"

"Hapana, baba."

"Basi hili toto la nani? Na kama limefika arobaini na saba, mbona bado mnaliita toto?"

Dada Maelezo alitamani sakafu ipasuke. Chini kulikuwa na magodoro, asingeumia. Alisahihisha palepale, na kabla baba hajamaliza chai yake, marekebisho yalikuwa yameshafika kwenye kompyuta za wateja wote.

Asubuhi simu zikaanza kulia. Programu ya Bonge ilikuwa imechungulia dirishani, imelitafuta toto, haikuliona, ikadhani ni maafa, ikazungusha feni zote kwa nguvu zake zote. Kwa kinyozi, nywele zilikuwa zinarukia kwa fundi cherehani wa jirani. Mwoka mikate alikuwa karibu kulia: "Unga umenipaka kichwa kizima! Mteja amenipa shikamoo, na tumesoma naye darasa moja!"

"Programu yako jinga!" Dada Maelezo alimfokea Bonge.

"Jinga kivipi? Wewe ukirudi nyumbani ukamkosa mtoto, utakaa utulie?"

Bosi wao, mama wa maneno machache, akatoa kichwa mlangoni. "Rudisha toto."

"Mama, lakini ni kosa la tahajia!"

"Lilikuwa kosa. Sasa ni ahadi. Watu wameshajenga juu yake."

Toto likarudi mahali pake, na chini yake ukaongezwa mstari wa *Joto*, wenye namba ileile, kwa ajili ya programu zitakazokuja. Feni zikatulia. Kinyozi akapiga tena, safari hii kulalamika kwamba sasa itabidi afagie mwenyewe.

Nyumbani baba alisikiliza kisa chote, akaweka kikombe chini.

"Yaani ulilijua kosa, ukalisahihisha, kisha ukalirudisha makusudi?"

"Ndiyo, baba."

"Na mshahara wanakupa?"

"Wananipa."

 Jumatatu baba akatokea ofisini, shati limenyooshwa, akamwambia bosi, "Kama huku kwenu neno likitoka halirudi, basi lipite kwangu kabla halijatoka." Bosi akampa kiti.

Mstari wa kwanza kumfikia ulikuwa wa Bonge: *Kasi ya feni*.

"Feni?" Kalamu nyekundu ikatoka. "Pangaboi."

"Mwalimu, nani siku hizi anasema pangaboi?"

"Mimi."

"Na mwingine?"

Dada Maelezo akajaribu kueleza jambo. Wote wawili wakamwambia anyamaze. Mama wa usafi alikuwa akipita na ndoo, na mwalimu akamsimamisha, akanyoosha kidole kwenye feni iliyoning'inia darini.

"Samahani, mama. Kile kinaitwaje?"

Mama akainua macho, akakitazama vizuri.

"Kile? Kibovu kile, mzee."

Mwalimu akafikiri kidogo, kisha akamgeukia Bonge kumuuliza kama neno hilo linatosha kwenye mstari.