Nilimwambia Aichomeke Sindano Kwenye Muhogo

Nimekosa pa kuanzia, basi nianze na kosa lenyewe. Nilimdanganya mama mmoja aliyekuja kuniomba msaada. Nilimdanganya mchana kweupe, huku namtazama machoni, na baadaye akaniletea kuku wa shukrani, na kuku huyo nikamla!

Jina langu sisemi. Newala hapa mafundi wa kudarizi tulikuwa wa kuhesabika, nikitaja hata herufi ya kwanza mtanijua. Mama mwenyewe nitamwita Mama Somoe, na binti yangu nitamwita Hadija. Si majina yao, lakini wakisoma watajijua, na najua watacheka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa. Ninyi vijana hamuwezi kuelewa. Kabla ya hapo, uzi wa rangi ulikuwa kitu cha kuombea dua. Nilikuwa nafumua vitambaa vibovu nipate uzi mwekundu wa kumalizia ua moja! Mara ghafla uzi ukaja wa kila rangi, hata rangi ambazo sisi hatukuwa na jina la kuziita.

Mimi nilikuwa na cherehani nyeusi ya kukanyaga, nimeiweka barazani kwangu karibu na soko. Ilishona mshono mnyoofu tu. Ua la foronya nililichora kwa kuibana nguo kwenye fremu ya duara na kuisukuma kwa mikono, huku na huku, mpaka mabega yanawaka moto. Lakini watu walinisifu, na mimi sifa nazipenda, sifichi.

Sasa siku moja akaja Mama Somoe kutoka Mkunya. Mumewe alikuwa ameshafariki, watoto watatu, mikorosho yao imepigwa na ule ugonjwa wa ubwiriunga miaka miwili mfululizo. Mdogo wake aliyekuwa Dar es Salaam akamtumia cherehani ya kudarizia, aanze maisha. Aliileta kwangu imefungwa kwenye kanga, juu ya baiskeli, kaikokota kwa miguu njia nzima isije ikaanguka.

Alipoifungua, jamani! Nyeupe, nyepesi, ina kitufe ubavuni. Ukikizungusha, sindano inacheza yenyewe kulia na kushoto. Ua ninalolitolea jasho asubuhi nzima, ile ingelijaza kabla chai haijapoa. Nilihisi wivu hapohapo, wivu wa kweli.

"Salama, Fundi?" akasema. "Nimekuja unisaidie. Uzi unakatika. Nikishona urefu wa vidole viwili, unakatika. Usipokatika, mshono unaruka. Na chini ya nguo uzi unajikusanya fundo."

"Umeshafanya nini?" nikamuuliza.

"Nimebadili uzi mara tatu, nikidhani ni mbovu. Nimelegeza skrubu ya uzi wa juu, nimeikaza, nimeilegeza tena. Nimetoa bobini nikasafisha vumbi na manyoya yote chini ya meno yanayosukuma nguo. Nimetia mafuta. Fundi, sindano yenyewe ni mpya. Bado!"

Nikainama kuitazama. Sikuhitaji hata kuijaribu mara moja. Sindano ya cherehani ina shina lenye upande mmoja bapa. Kwenye cherehani zetu nyeusi upande huo unatazama ubavuni, na Mama Somoe, kwa vile ndizo alizoziona maisha yake yote, kaiweka ya kwake vilevile. Lakini ile ya kwake ilitaka upande bapa utazame nyuma. Basi! Hapakuwa na ugonjwa mwingine.

Mkono wangu ulishafika kwenye skrubu ya sindano. Nilikuwa nailegeza, niigeuze, nimwambie nenda mama, Mungu akubariki. Halafu nikaurudisha.

Nilifikiri hivi: huyu akijua, mimi nimekwisha. Lakini akichoka, ataikinai, na akiikinai ataniuzia mimi. Ndiyo niliyoyafikiri, tena kwa haraka sana!

"Mama Somoe," nikamwambia, nimekunja uso kama daktari, "hizi mashine za kigeni hazikutengenezwa kwa ajili ya huku juu kwetu. Sindano inapata joto."

"Joto?"

"Joto la ndani. Halionekani." Mbele yangu ng'ambo ya njia kulikuwa na mama anauza mihogo. Sijui shetani gani alinielekeza macho pale. "Kila jioni ichomoe sindano, ichomeke kwenye muhogo mbichi, ilale humo. Asubuhi ichomoe, ifute, irudishe kwenye mashine. Fanya wiki mbili. Ikikataa kabisa, ilete hapa, nitajua namna ya kukutua mzigo."

Akarudia maneno yangu yote ili asisahau. Akanishukuru. Akaifunga mashine yake, akaikokota baiskeli kurudi Mkunya, na kabla hajaondoka akanunua mihogo miwili kwa yule mama.

Hadija, binti yangu aliyekuwa amemaliza darasa la saba mwaka huo, alikuwa amekaa mlangoni anasikia. Akaniuliza, "Baba, mbona wewe ya kwako huichomeki kwenye muhogo?"

"Ya kwangu imeshazoea," nikajibu. Akaingia ndani.

Wiki mbili zikapita. Nikawa nachungulia njia, nangoja ile kanga ije na mashine. Siku ya soko, watu wamejaa, nikasikia sauti inaniita tangu mbali: "Fundi! Fundi wangu! Muhogo umekubali!"

Alikuwa Mama Somoe. Mkono mmoja kuku, mkono mwingine foronya nyeupe yenye maua mekundu na majani ya kijani, yamejaa, hayana hata uzi ulioruka! Nikaigeuza upande wa chini nitafute kasoro. Sikuipata. Watu wakanizunguka. Yeye anawaeleza dawa ya muhogo. Ningesema nini? Kwamba muhogo haufanyi kitu? Nikatabasamu, nikapokea kuku. Alikuwa mtamu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kuanzia hapo sikupata amani. Cherehani za aina ile zilikuwa zimeanza kuingia, na kila aliyepata tatizo la uzi alielekezwa kwangu. Wakaja wanawake kutoka Kitangari, kila mmoja na muhogo wake mkononi!

"Fundi, uwe muhogo mtamu au mchungu?"

"Mtamu," nikasema.

"Umenywe au na maganda?"

"Na maganda."

"Na kama shambani kwetu mihogo haijakomaa?"

Lahaula! Nilikuwa natunga majibu mpaka kichwa kinauma. Na sindano walizoniletea zilikuwa na kutu tupu, kwa sababu chuma hakilali kwenye maji ya muhogo kikaamka salama. Ikabidi niwe natengeneza kwa wizi. Naitoa ile yenye kutu, natia mpya, naigeuza inavyotakiwa, nampandishia mguu wa cherehani unaokandamiza nguo kabla ya kupitisha uzi ili uzi ukae mahali pake, halafu naunusa muhogo wake na kusema, "Huu ulikuwa mchanga." Nilikuwa natoa dawa ya kweli na kuificha nyuma ya uongo wangu mwenyewe! Umeona wapi fundi anayefanya kazi nzuri kwa kujificha?

Nyumbani nako mke wangu akaichomeka sindano yangu kwenye muhogo, kwa mapenzi tu, kunisaidia. Nilipoiona asubuhi nilitaka kupiga kelele. Nikamwambia, "Asante, mama."

Ningeendelea hivyo hadi leo, sina haya, kama si mama mmoja mzee kutoka Lulindi. Alikuwa akidarizi kitambaa cheupe cha madhabahuni kwa ajili ya kanisa lao, amekifanyia kazi msimu mzima wa kiangazi. Alikikunjua mbele yangu taratibu. Msalaba katikati, mashuke ya mtama pembezoni, kazi safi. Na kando ya msalaba, madoa ya kutu yamefuatana, kila mahali sindano ilipopita.

"Usinihurumie, mwanangu," akaniambia. "Kosa ni langu. Nadhani sikuchagua muhogo vizuri."

Yule mama alikuwa ananiomba radhi mimi! Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, nikashika kile kitambaa nikajifanya nakitazama ili asiuone uso wangu. Nikamwambia anipe siku mbili.

Kesho yake nikapanda baiskeli kwenda Mkunya, jogoo wa kulipa kuku wake nimemfunga nyuma. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimkuta Mama Somoe uani kwake na wasichana wanne wamekaa kwenye mkeka, anawafundisha kubana nguo kwenye fremu. Nikasema nina neno la faragha.

"Sema tu, Fundi, hawa ni wanafunzi wangu."

"Ni la aibu."

"Basi ndiyo uliseme wakusikie."

Nikalisema. Sindano, upande bapa, mkono wangu kwenye skrubu, wivu wangu, cherehani yake niliyoitamani, mama wa Lulindi. Nilipomaliza, Mama Somoe akacheka! Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Fundi, mimi muhogo niliuacha siku ya nne! Siku hiyo niliirudisha sindano kwa haraka, ikakaa kivyake, mashine ikashona. Nikashangaa. Nikaigeuza kama zamani, uzi ukakatika. Nikaigeuza tena, ikashona. Nikajua ni sindano. Na nikakumbuka mkono wako ulivyogusa skrubu, ukarudi."

"Ulijua? Sasa kuku je?"

"Kuku ulimstahili. Usingenituma kuichomoa sindano kila siku, ningekuja kuijua lini?"

"Na wale watu wote ulioniletea?"

Hapo akaacha kucheka. "Wewe ulitaka kunila, Fundi. Mimi na wanangu. Nikasema, ngoja nimpe watu, nione atawadanganya mpaka lini. Lakini huyo mama wa Lulindi, habari zake sikuzijua mimi. Hiyo ni dhambi yetu sote wawili. Kesho twende."

Nikainamisha kichwa. Ndipo mmoja wa wale wasichana, aliyekuwa amenipa mgongo muda wote, akageuka.

"Shikamoo, baba."

Hadija wangu! Mama yake aliniambia anakwenda kwa shangazi. Kumbe kila siku anatembea kwenda Mkunya na kurudi, kujifunza kudarizi, na baba yake ni fundi wa kudarizi!

"Marahaba," nikaitikia. Nikaketi chini kabisa, pembeni mwa mkeka. "Mwanangu, kwa nini? Si nakufundisha nyumbani?"

Alikuwa anavuta uzi, akainamisha macho. "Unanifundisha, baba. Ila kila unachonifundisha, huwa nakuja kukijaribu hapa kwanza, nione kama ni kweli."

Ndugu zangu, hiyo ndiyo bei niliyolipa. Sikupoteza wateja, wapo. Mama Somoe hakunichukia, alimpokea jogoo na akaniuliza kama jogoo huyu naye ana maagizo yoyote ya muhogo! Kesho yake tulikwenda Lulindi sote wawili, nikamweleza yule mama mbele ya watu wake, tukapaka madoa limau na chumvi, tukakianika kitambaa juani, tukarudia mpaka kutu ikatoka karibu yote. Palipobaki kivuli, Mama Somoe alidarizi jani juu yake. Mzee yule alinisamehe kabla sijamaliza sentensi ya kwanza.

Lakini mwanangu alikuwa amenisikiliza siku ile mlangoni, na akanielewa.

Basi wewe fundi unayesoma hapa, uwe wa cherehani, wa redio, wa baiskeli, wa chochote: anayekuja kukuuliza kwa nini uzi unakatika, mwambie! Geuza sindano, mwache aende. Usimtazame anayeuliza peke yake, tazama na nani mwingine amekaa hapo anasikia. Mimi sikutazama.

Hadija sasa ni mama wa watoto, na kazi yake imenipita mbali. Juzi alikuja na uzi mnene wa dhahabu, unakatika. Nikamwambia sindano hiyo ni nyembamba, tundu lake linausugua uzi, tia namba kubwa zaidi. Akasema, "Asante, baba." Halafu akatia sindano kubwa, akachukua kitambaa kibovu, akaijaribu kwanza. Ikakubali, uzi haukukatika hata mara moja. Akanitazama, akatabasamu, akaitia nguo yenyewe kwenye fremu. Nilifurahi siku nzima.