Bastola Isiyokwama ya Anatoli

Kama uliishi Herndon, kule Virginia Marekani, miaka ile na ulikuwa Mtanzania, basi Anatoli ulimfahamu, na kama hukumfahamu si kosa lake, maana alijitahidi sana kufahamika. Alikuwa dereva wa teksi wa uwanja wa ndege wa Dulles, Mhaya wa Bukoba, mtu wa kimo cha kawaida na maelezo marefu. Ukimuuliza saa ngapi, alianza na historia ya saa. Mkewe Euphrasia, aliyefanya kazi ya kuhudumia wazee, alikuwa na kawaida ya kukunja nguo wakati mumewe anaeleza jambo, na kapu la nguo likiisha alijua maelezo yamefika katikati.

Mwaka 2006 Anatoli aliporwa. Abiria wawili walimwekea kisu shingoni, wakachukua simu na mauzo ya siku, wakamwachia teksi na uhai wake. Wiki nzima baada ya hapo hakumweleza mtu kitu chochote, na ndipo Euphrasia alipojua kuwa mumewe ameumia. Sauti ilipomrudia, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba anakwenda kununua bastola.

"Baba Violet, huna hata mwezi tangu uvunje kioo cha kabati kwa mpini wa ufagio," alisema Euphrasia. "Leo unataka bastola?"

Hakusikilizwa. Kule Virginia jambo hilo halina barua ya mtendaji wala mhuri wa mkuu wa wilaya; mwenye uraia na kitambulisho anaingia dukani na kutoka na mzigo wake. Rafiki yake Kibet, Mkalenjin wa Eldoret aliyekuwa mlinzi mwenye silaha kwenye jengo moja la ofisi, alimshauri anunue ya magazini kama yake, ile inayochomekwa kasha la risasi kwenye mpini. Anatoli akakataa. Alikuwa amesoma kwenye mtandao, na mtu aliyesoma kwenye mtandao hashauriki. Alitaka ya silinda, ile inayozunguka, kwa sababu ya magazini huweza kukwama wakati mtu anaihitaji, lakini ya silinda haikwami. Wakati huo huo alitaka itumie risasi za bastola ya Kibet, kwa kuwa zilipatikana kwa bei nafuu, na kwa kuwa Kibet alikuwa mkarimu. Akatafuta mpaka akapata iliyojibu yote mawili: bastola ya silinda yenye matundu sita, inayokula risasi za bastola ya magazini.

Kibet aliipokea, akaigeuza huku na huku. "Sasa Anatoli, hii umebuy ni kitu gani? Si hii ni gari ya petroli inakunywa dizeli?"

"Haikwami," alisema Anatoli.

Sasa, risasi za namna hiyo hazina ukingo wa kuzizuia zisizame ndani ya silinda. Ndiyo maana hupachikwa kwanza, zote sita, kwenye kibati chembamba cha duara chenye meno, mfano wa ua, kisha kibati na risasi zake hutumbukizwa kwa mpigo mmoja. Ni maarifa mazuri, ila yana kasoro moja. Kibati kikipinda hata kwa unene wa ukucha, kinasugua, silinda inagoma kuzunguka, na bastola isiyokwama inakwama. Anatoli alimweleza mkewe haya yote Jumapili moja baada ya misa, kibati mkononi, ndizi zikipoa mezani, kwa muda wa dakika arobaini. Siku hiyo Euphrasia hakukunja nguo. Alisikiliza mpaka mwisho, tena akauliza swali.

"Kwa hiyo kikipinda kidogo tu, mtu hawezi hata kuona?"

"Kwa macho huoni!" alijibu Anatoli, akifurahi kwamba hatimaye amepata mwanafunzi.

Akachukua na kibali cha kuibeba. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu, kwa sababu bastola ile ilikuwa haina pa kwenda. Aliinunua kwa ajili ya teksi, lakini abiria wa Dulles nusu yao wanakwenda Washington na wengine Maryland, kote huko kibali cha Virginia hakitambuliki, na kuvuka mto na bastola kiunoni ni kuomba kulala rumande. Kwa hiyo kwenye teksi haikupanda. Kanisani padri alimwambia, kwa upole, kwamba Bwana anao walinzi wake. Walipoalikwa kwenye sherehe Wheaton, kule Maryland, ilibaki nyumbani, na Anatoli alishinda sherehe nzima akipapasa kiuno kitupu kama mtu aliyesahau mkanda.

"Silaha yangu ina uraia wa Virginia tu," aliwaambia watu, ingawa hakuna aliyeuliza.

Ikabaki siku yake ya mapumziko, Jumanne, anapokwenda kununua maziwa, mbao na misumari. Na ikabaki migahawa. Sheria ya Virginia ya miaka ile ilikuwa na mzaha wake: mwenye kibali aliruhusiwa kuificha bastola chini ya koti, isipokuwa kwenye mgahawa unaouza pombe; humo, akiingia nayo, ilibidi ionekane. Mtu mwenye akili angeiacha nyumbani. Anatoli alifika mlangoni, akasimama, akalirudisha koti nyuma kwa mikono miwili kama bwana harusi anayetaka kupigwa picha, ndipo akaingia. Kina mama walivuta watoto. Mhudumu alileta chakula haraka kuliko kawaida, jambo ambalo Anatoli alilihesabu kuwa ni heshima. Binti yao Violet, mwenye miaka kumi na mitano, aliinamisha uso kwenye sahani.

"Baba, oh my God. Can you not?"

"Violet mwanangu, nakulinda."

"From who? The waiter?"

Mwishoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa rais, watu wakihofia serikali mpya itabana silaha, risasi zikaadimika madukani. Watu walizigombania kama sisi tulivyogombania sukari na sabuni enzi za foleni. Kibet, mkarimu wa zamani, akafunga mkono. "Manze, saa hii hizi vitu hazipatikani. Zangu nawekea kazi," alisema. Kwa hiyo Anatoli hakwenda tena kulenga shabaha, alikokuwa akitumia vibati vyake vikuukuu. Bastola ikawa ya kutiwa risasi asubuhi na kutolewa jioni, na kwa kuwa mwalimu wake wa shabaha alimkanya kuichezea ikiwa na risasi, hakuigusa zaidi ya hapo. Ila aliendelea kusema haikwami. Alisema kwenye vikao vya harusi, alisema hata msibani.

Sasa tumlete Clement. Huyu alikuwa mdogo wake Euphrasia, aliishi Laurel, huko huko Maryland, na Anatoli hakumpenda. Sababu alizitaja nyingi, ila iliyokuwa kweli ni moja: Clement alikuwa akisinzia anapoelezwa jambo. Mwezi wa nne mwaka 2009 Clement alipunguzwa kazini, na mwenye nyumba hakutaka kujua habari za kupunguzwa. Euphrasia alimpa ufunguo wa mlango wa nyuma. Alikusudia kumwambia mumewe, akawa anasubiri siku ambayo moyo wake uko laini. Alikuwa bado anasubiri Clement alipohamia.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Euphrasia yuko kazini, Violet shuleni. Anatoli alirudi kutoka dukani na misumari yake, bastola kiunoni, akazunguka nyuma ya nyumba na kukuta mlango haukufungwa. Akasikia jikoni kitu kinachakarika. Akasikia mlango wa friji.

Ni lazima niseme ukweli hapa, ingawa haumpendezeshi. Nyumba nzima ilikuwa inanukia senene. Senene wa kukaangwa, wale panzi wa kwao Bukoba, waliotiwa chumvi na kitunguu, harufu ambayo Anatoli aliijua kabla hajajua kusema. Mtu yeyote mwenye pua angejiuliza ni mwizi gani wa Virginia anayevunja nyumba ili akaange senene. Lakini hofu ikipanda, pua ni ya kwanza kufa ganzi. Alichokiona Anatoli ni kisu cha mwaka 2006. Misumari ikamponyoka. Bastola ikatoka kiunoni bila yeye kukumbuka kuitoa.

Mtu mkubwa aliyevaa sweta yenye kofia alikuwa ameingiza kichwa kwenye friji. Aliposikia misumari, aligeuka ghafla, na mkononi mwake kuna kitu kinang'aa.

Anatoli akavuta. Kifyatulio kilirudi nyuma kidogo, kikagoma, kama droo iliyovimba kwa unyevu. Akavuta tena, kwa nguvu zake zote. Kikagoma tena.

"Hee, shemeji!" Clement alipiga kelele, kisha akacheka mpaka akashika meza. Alikuwa na mwiko wa bati mkononi. "Utani gani huu, shemeji? Nusura moyo unitoke! Kumbe na wewe unajua kutania? Njoo, senene wako tayari."

Anatoli alirudisha bastola kiunoni, akasema, "Karibu, shemeji," akaenda chooni, akafunga mlango.

Huko alifungua silinda na kukitoa kibati. Akakishika kwenye mwanga. Kwa macho huoni, kama alivyosema mwenyewe. Ila alipopitisha kidole, jino la tatu lilikuwa limenyanyuka, na ubavuni mwake kulikuwa na alama ndogo ndogo za mistari. Akatoa cha akiba mfukoni. Jino la tatu, alama zile zile. Alizijua alama hizo. Zilikuwa za plaizi ya jikoni, ile ambayo Euphrasia aliitumia kuchunia ngozi ya kambale.

Euphrasia alirudi saa kumi. Alimkuta mumewe kaketi mezani peke yake, na kutoka chumba cha chini ya nyumba kunasikika sauti ya Clement akicheka na simu. Akaweka mkoba chini.

"Baba Violet, nilitaka kukwambia mapema. Ni wiki mbili tatu tu, akipata kazi..."

Anatoli aliweka vile vibati viwili juu ya meza.

Euphrasia aliviangalia. Hakukana. Alivuta kiti akaketi. "Toka ile Jumapili uliponieleza," alisema. "Unavyovibeba, vyote; vya kulengea shabaha sikuvigusa. Ulivyonunua mwaka jana, na vyenyewe."

"Miaka mitatu natembea na chuma kitupu, Mama Violet? Ningevamiwa?"

"Mara ile ulivamiwa ukiwa na mikono mitupu. Ukarudi. Nilitaka uwe unarudi, basi." Akajifuta macho kwa kiganja, akaanza kupandisha sauti. "Na unifokee ukitaka! Nilikwambia sikitaki hicho chuma humu ndani, ukanijibu na hotuba. Na mimi nimejibu kwa plaizi."

"Nilivuta," alisema Anatoli.

"Ulivuta nini?"

"Asubuhi. Sikujua ni yeye. Yeye anadhani nilikuwa namtania. Nilivuta, Euphrasia. Mara mbili."

Ilikuwa miaka mingi hajamwita kwa jina lake. Kutoka chini kicheko cha Clement kilipanda tena, kicheko kinene cha mtu aliyeshiba, na wote wawili wakakisikiliza mpaka kikaisha. Halafu Euphrasia akaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, akaulemea kwa nguvu, kana kwamba anazuia kitu kisipeperuke.

Baada ya muda Anatoli aliinuka. Alirudi na kopo la biskuti alimoweka vifaa vyake, akatoa pakiti ya vibati ambayo haijafunguliwa. Akafungua droo ya jikoni, akatoa plaizi.

"Hivi vinne hukuvifikia," alisema, akabana cha kwanza.

"Siyo hivyo, utakivunja, kisha ataona," alisema Euphrasia kwa mazoea, akajishika mdomo, kwa kuwa huyo wa kuona ndiye aliyekuwa mbele yake. Akampokonya plaizi. "Unashika hapa. Jino la tatu. Unanyanyua kidogo tu, unaachia."

Anatoli alielezwa, akasikiliza mpaka mwisho.

Clement alikaa kwao miezi kumi na minne. Alimaliza maziwa, alilala na televisheni ikiwaka, alisinzia katikati ya kila habari ya maana, na Anatoli hakunung'unika hata siku moja, jambo lililowashangaza watu wote wa Herndon. Bastola ilirudishwa dukani kwa hasara na haikutajwa tena. Lakini Clement hakuacha kusimulia. Kwenye kila sherehe, Wheaton, Laurel, popote, alisimama katikati ya watu na kuigiza jinsi shemeji yake alivyomtisha na bastola tupu jikoni, macho yamemtoka, misumari imetapakaa, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Shemeji yangu huyu mnamwona hivi, ni mtani hatari!" alimalizia.

Na Anatoli, badala ya kusahihisha, alikuwa anainuka taratibu, anachukua sahani ya Clement, na kwenda kumwongezea nyama.