Siri ya Mnara Ulioanguka

Nafanya kazi ng'ambo, katika mji wa Malton, napokea simu za wateja wa kampuni ya simu ya kisiwa kimoja cha Karibi. Juzi dhoruba ilikata mtandao wa simu za mkononi kisiwa kizima. Bosi akatuamuru tuseme utarudi baada ya saa mbili.

Mzee mmoja akapiga kwa simu ya mezani. "Uko hewani, dada. Mtandao utarudi lini?"

Nikadhani anamaanisha ananisikia vizuri. Sauti yake ilinitia huruma.

"Baba, nisikudanganye," nikanong'ona, mjinga mimi. "Mnara umeanguka na mafundi hawajaondoka hata ofisini. Kama una mgonjwa, usingoje simu, mpeleke hospitali sasa hivi."

"Asante," akajibu. "Wasikilizaji wetu, mmesikia wenyewe."

Nilipogeuka, bosi alikuwa nyuma yangu, akiisikiliza redio ya yule mzee kwenye kompyuta yake.