Sauti ya Mama Ndani ya Kompyuta

Baada ya kukataa kwa miaka mingi, mama alikubali kunisimulia jinsi wenyeji wa mkoa walioishi walivyowafukuza, yeye na Wakasai wengine, wakalala majuma kadhaa kwenye kituo cha treni wakingoja behewa la kuwarudisha kwao Kasai. Alitoa sharti moja.

"Nitasema mara moja tu. Miye sitarudilia."

Nilimrekodi siku sita, faili moja kila siku. Sauti yake niliiweka kwenye kompyuta ya nyumbani, na hapo tu.

Siku chache baadaye nilipeleka flashi yangu kwenye duka la fotokopi karibu na soko, wanichapishie barua. Niliporudi niliichomeka kwenye kompyuta bila kufikiri. Folda ya mama ikatoweka. Mahali pake palikuwa na vialama vyenye mshale, na kila nilipobofya kimoja, vingine vikaongezeka.

Mke wangu, karani wa shule, alikuwa akipita na beseni la nguo. Aliniona uso kabla ya kuona skrini.

"Papa," akaniambia, "usiguse tena! Toa ile flashi. Kata enternete."

Ofisini kwao virusi vya namna hiyo vilishawahi kuingia. Akapanda pikipiki kwenda kumwomba mwenzake programu ya kuviua. Mvua ilikuwa inajikusanya, sola haikuingiza kitu, na betri ilikuwa chini ya nusu.

"Kuko nini?" mama akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Kompyuta iko mugonjwa, Mama."

"Na maneno yangu?"

Nikaenda mlangoni kumtazamia mke wangu.

Mke wangu alirudi amelowa. Programu ikaanza kupekua, polepole mno, ikitaja faili moja moja na kufuta. Nilitaka kuisimamisha, maana sikujua inafuta virusi au inamfuta mama. Mke wangu akanishika mkono. Betri ilipobaki kidogo sana, kazi ikaisha, akafungua sehemu ya faili zilizofichwa na virusi. Zilikuwamo zote sita. Tano zikafunguka. Ya sita ikagoma: ile ya mtoto wake aliyemzika kando ya reli.

"Moja imeharibika, Mama. Ile ya mutoto."

"Ile njo ilikuwa ngumu kusema," akasema, akainuka, akaenda chumbani.

Sasa sauti zile tano ziko pia kwenye flashi mbili zisizotoka nyumbani, na flashi ya nje haifunguliwi kabla ya kupekuliwa. Ile ya sita sijathubutu kumwomba airudie.