Matairi Mapana na Mama wa Mchumba Wangu

Msinionee huruma, nimejitakia. Gari langu jipya la michezo lilikuja na matairi ya kawaida. Mimi, bingwa niliyehitimu kwenye simu, nikayaona ya vikongwe. Nikafunga mapana kuliko yote yaliyokuwepo mjini Arua, kisha nikashusha springi hadi bodi ikakaribia kulamba lami. Nikiwa peke yangu, nilipita mtaani Onduparaka kama mfalme.

Jumamosi nikampakia mama wa mchumba wangu kwenda Koboko, ambako wajomba wa mchumba walisubiri kusikia kama nafaa kuoa. Alipokaa tu, gari likalala zaidi, matairi yakaanza kusaga bodi.

“Barabara iko mubaya, mama,” nikasema, juu ya lami laini kama sahani.

Moshi ulipoanza kutoka kwenye matairi, nikamwomba ashuke kidogo ili nijaribu gari. Likateleza kimya kabisa.

“Sasa iko sawa, mama!” nikashangilia dirishani, kabla akili haijanirudia.

Akasimamisha bodaboda, akapanda, akaenda.

Nilipofika Koboko, nikiwa nimechelewa kwa kungoja matairi yapoe, alikuwa ameshamaliza chai. Mjomba mmoja akamuuliza mbele yangu, “Huyu kijana iko namna gani?”

“Gari yake iko muzuri sana,” akajibu. “Lakini kubeba mutu haiwezi.”