Mzibua Mirija wa Elphas

Elphas alikuwa nyapara kwenye shamba la kaburu mmoja nje ya Sisibo, na kwa majivuno hakuna aliyemfikia. Wenzake wakilalamika kwamba vijana wao wanazurura, alicheka mpaka busaa, ile pombe yao ya nafaka, ikamtoka puani.

"Wangu haendi popote. Yuko mbele ya macho yangu!"

Macho gani hayo! Kituyi, mwanawe wa miaka kumi na minne, alikaa nyuma ya kigoda cha baba yake azibue mirija. Wanaume walizunguka mtungi mmoja wakivuta busaa kwa mirija mirefu. Machicha yakiziba, kijana alipewa mrija, auvute kwa nguvu mpaka upitishe. Na kinachopita hapo si upepo.

Nelima, mama yake, aliona kijana anarudi akipepesuka, anacheka na kuku.

"Baba Kituyi, ongea na mtoto."

"Niongee nini? Mtu nashinda naye!"

Kweli alishinda naye, kama mtu anavyoshinda na kigoda.

Basi akaja Mwalimu Nicanor wa shule ya misheni, kumpima Kituyi kwa ile nafasi ya bweni ambayo Nelima aliiomba tangu mavuno. Kijana alishika kitabu, akasoma mstari mmoja. Akaomba kutoka kidogo. Alipokawia, mwalimu akamfuata, akamkuta nyuma ya nyumba, kichwa ndani ya mtungi wa busaa wa baba yake.

"Mama, muhula ujao nitarudi," Nicanor akasema. "Nikimkuta hivi, nafasi nampa mwingine."

Elphas, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akarukia fimbo. "Nani alikufundisha pombe, wewe mbwa?"

Kituyi akamtazama baba yake, kwa mshangao tu. "Si wewe ulikuwa unanipatia, Baba?"

Mwanaume mzima, sauti ya kutisha ng'ombe za kaburu, akashusha fimbo. Halafu akatoa neno la kijinga: "Sasa kesho nani atazibua?"

Nelima hakupoteza mate kwake. Alifunga blanketi na unga, akamshika kijana mkono, wakashika njia ya kijiji cha Ziwa kwa kaka yake, mtu wa kanisa asiyeweka pombe nyumbani. Elphas akabaki akiuchunga mtungi, na huo aliuchunga sawasawa.

Njiani Nelima alimwuliza mwanawe: ilianza lini, inakushika saa gani, unaogopa nini. Mengine kijana alijibu. Mengine alinyamaza, na mama akatembea pole pole, akingoja.